Mbuzi, Kikohozi na Mlango wa Mama Riziki

Kila alasiri, Agathe akiwa uani anachambua ndagala zake, dagaa wa kuuza sokoni, mumewe ndani ya nyumba alianza mbuzi.

Jina hilo alilitunga Agathe. Manassé mwenyewe alikiita kipande kile cha tarumbeta "Ukingo", na kila alipolitamka alifumba macho kidogo, kana kwamba kuna mtu anampiga picha. Lakini mke aliyekaa nyuma ya ukuta hakusikia ukingo wowote. Alisikia mbuzi anayeburutwa kwa kamba fupi kwenda soko la Lubarika, na mbuzi mwenyewe hataki. Baada ya mbuzi kilikuja kikohozi, yaani Manassé alipuliza pumzi tupu ndani ya tarumbeta, vidole vikigonga pistoni bila noti hata moja kutoka. Halafu nzi ndani ya chupa. Halafu kimya kirefu, ambapo mgeni angedhani mateso yamekwisha na kumshukuru Mungu. Halafu, mwisho kabisa, ulikuja mlango wa Mama Riziki.

Mama Riziki alikuwa jirani yao pale Kimanga, mtaa wa mji wa Uvira, muuza vitenge, na mlango wake wa bati haukuwahi kuonja mafuta tangu utiwe bawaba. Ukiufungua unalia sauti moja nyembamba, inapanda, inapanda, mpaka jino linauma. Mume wa Agathe alikuwa amezunguka dunia, amekula mkate wa Wazungu, amesifiwa na watu wenye miwani, ili arudi Uvira kuiga mlango. Agathe hakuweza kulisamehe jambo hilo, wala hakujaribu.

Na asidhaniwe kuwa alikuwa mwanamke asiyependa muziki. Tarumbeta ndiyo iliyomwoza. Manassé alizaliwa juu kule kwenye milima, katika jamaa ya wafugaji na waimba zaburi, akateremshwa mjini akiwa mdogo ili asome. Shule haikumpata. Alichopata ni tarumbeta ya parokia. Kwenye fanfari ya kanisa, bendi ile ya matarumbeta na ngoma, hakuna aliyemfikia. Siku ya Pasaka fanfari ilipita barabarani, glavu nyeupe, ngoma kubwa nyuma, naye mbele akipiga ile machi, muziki wa gwaride wa kuingia kanisani, hata akina mama waliokuwa wanapika sombe waliacha vyungu vikaungua. Agathe alikuwa msichana, amesimama kando ya barabara na beseni kichwani. Alicheza na beseni lake lilelile, halikuanguka, na kabla fanfari haijakata kona alikuwa amekwisha amua.

Kisha fanfari ikaalikwa Bujumbura kwenye mkutano wa makanisa. Wageni waligawanywa kwenye nyumba za watu, na Manassé akaangukia kwa mwalimu mmoja wa Ulaya, mseja, mwenye sahani za santuri ukuta mzima. Wenzake walilala kwa wachungaji, wakala wali, wakarudi na unene. Yeye aliketi sakafuni kwa yule mwalimu akisikiliza watu weusi wa Amerika wakipiga tarumbeta kama watu waliochokozwa. Alikwenda akiwa mzima, akarudi mwanajazi. Jumapili iliyofuata, katikati ya wimbo wa sadaka, alipiga kitu ambacho hakikuwa wimbo wa sadaka. Mchungaji alimngoja amalize, akamwomba arudishe glavu; tarumbeta hakuikumbuka.

Hapo ndipo kazi yake, kama ni ya kuitwa kazi, ilipoanza.

Mtu wa mbali hataelewa shida yake bila kuelezwa neno moja. Uvira, na nchi nzima ile, ukisema jazi watu wanajua unachosema, na ndiyo balaa. Jazi ni orkestra. Jazi ni magitaa matatu, ngoma, mwimbaji mwenye leso ya kufutia jasho, na wazee wanaoshika viuno vya wake zao kwa heshima. Tangu zamani za baba zao, kila kundi la rumba lililojiheshimu lilijiita jazi ya hivi au jazi ya vile. Kwa hiyo Manassé alipokodi ukumbi pale Kimanga na kutangaza jazi, ukumbi ulijaa. Watu walikuja na viatu vya kuchezea. Mbuzi alipoanza walitazamana. Mmoja aliuliza kwa adabu kama wapiga magitaa wamekamatwa kwenye barieri ya askari. Kufika kikohozi nusu wamekwisha toka, na kufika nzi alibaki mlinzi tu, aliyekuwa na funguo mkononi.

Manassé hakujifunza kitu. Alijiambia kosa ni la neno, sio la muziki, na kwa mara ya pili akaandika kwenye mabango JAZZ D'AVANT-GARDE, herufi nyekundu, akayabandika mpaka karibu na bandari. Sasa fikiria mji ambao kila mlima una kundi lenye bunduki na kila kundi lina kamanda, halafu asubuhi moja mji huo unaamka na kukuta imeandikwa ukutani kwamba kuna avangadi, yaani kikosi cha kutangulia jeshi, inakuja Jumamosi. Aliitwa kwenye ofisi moja, akakalishwa kwenye benchi. Mkubwa wa pale aliuliza hao avangadi ni wangapi. Manassé akajibu yuko peke yake. Mkubwa akatikisa kichwa taratibu. Kumbe huyu ndiye aliyetangulia, akasema, na wengine wako nyuma wanakuja lini? Ilibidi tarumbeta iletwe apige. Mbuzi hakuwa hata ameanza kupandisha sauti vizuri alipoambiwa aende nyumbani. Huko Ulaya baadaye alisimulia kwamba aliwahi kuwekwa ndani kwa ajili ya sanaa.

Maana Ulaya alikwenda. Hilo ni kweli na Agathe hakulikana. Yule mwalimu wa Bujumbura alirudi kwao, akamkumbuka, akamwitia tamasha, na tamasha likazaa tamasha. Manassé alipiga katika miji midogo yenye mvua, mbele ya watu waliokaa kwenye viti, kimya, mikono magotini. Aliwaambia amekulia mtumbwini, kati ya wavuvi, na kwamba mawimbi ya Tanganyika ndiyo mwalimu wake. Mtu ambaye akipanda mtumbwi kwenda kuzika, hutapika kabla ufuko haujaisha machoni. Gazeti moja liliandika kwamba ndani ya pumzi yake mna ziwa zima. Agathe aliposomewa alisema ziwa lina samaki, na huyu hajawahi kuleta hata mmoja nyumbani.

Alirudi na skafu ya sufu. Aliivaa Uvira, katika joto lile, akipita kati ya wauza maandazi na jasho likimtiririka. Na alirudi na dharau. Alisema watu wa hapa masikio yao yameota viuno. Alidharau wapiga magitaa, alidharau maharusi, na fanfari ya parokia, iliyomlea, aliita makopo. Nyumba yao basi ilikuwa na dharau mbili, ya mume ikienda kwa mji mzima, na ya mke ikienda kwa mume, na wote wawili walikula bugali katika sahani moja.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja alichokitaka, na akikitaja skafu ilionekana imemlemea. Alitaka mtu mmoja wa Uvira amsikilizie "Ukingo" kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mmoja tu. Agathe alimkumbusha kwamba Wazungu wake walikaa hadi mwisho, naye akajibu kwamba hicho hakihesabiki, kipande hakikuandikwa kwa ajili yao. Agathe akasema Wazungu hukaa hadi mwisho wa kila kitu kwa sababu wamekwisha vua makoti. Manassé hakucheka. Miaka ikapita hivyo, ndagala uani, mbuzi ndani, mpaka binti yao Iribagiza akachumbiwa.

Mchumba, Bertrand, alikuwa kijana wa Kiringye, wa watu wanaolima mpunga kwenye uwanda, watu wa taratibu, wenye kofia wanazozivua wakiingia kwako. Aliyewaongoza siku ya mahari alikuwa baba mkubwa wake, mzee Niyonzima. Mambo yote yalikwenda sawa. Mwishoni, kwa kutaka kujua tu, mzee aliuliza mukwe anafanya kazi gani. Manassé aliketi wima.

"Minye niko mu-jazi," akasema.

Uso wa mzee ulifunguka. Aliwageukia wenzake, nao wakafurahi waziwazi, maana muziki wa harusi ulikuwa jukumu la upande wao, na walikuwa wamekwisha ongea na orkestra moja. Mzee akasema katika ujana wake aliwahi kutembea kwa miguu kutoka Kiringye mpaka mjini kufuata jazi, na sasa Mungu amemletea jazi ndani ya ukoo. Wale wengine watawaambia wasije. Haiwezekani kualika wageni wakati mukwe mwenyewe iko na orkestra.

Agathe alikuwa mlangoni na sinia la soda. Aliona kosa lote, kubwa kama nyumba, na alijua mama wa binti haingilii maneno ya mahari. Alimtazama mumewe, akingoja aseme. Manassé alikuwa anatabasamu. Alimchukia kwa tabasamu lile kuliko kwa mambo yote ya nyuma, kwa sababu alilielewa. Huyu mtu alikuwa amekwisha hesabu viti vya harusi, wasikilizaji wasioweza kutoka.

Wageni walipoondoka Agathe alimwambia wazi. Siku ya harusi si yake. Apige kitu ambacho mtoto anaweza kuingia nacho, akina mama wakamfuata nyuma wakicheza, kama binti wa mtu yeyote. Iribagiza naye alimwendea baba yake peke yake. Alikuwa msichana asiyeomba ovyo.

"Papa, unipigie kitu ya bantu kucheza," akamwambia. "Siku moja tu. Bakwe wasinicheke."

Manassé alimshika kichwa kwa mikono miwili, akamwahidi atampa kitu ambacho hakuna bibi arusi wa Uvira aliyewahi kupewa. Iribagiza alirudi uani analia, maana hicho ndicho hasa alichokuwa anakiogopa.

Harusi ilifungwa Jumamosi, na baada ya kanisa watu wakaenda ukumbini, ukumbi uleule wa Kimanga. Watu wa Kiringye walikaa upande mmoja, safi, kofia magotini. Bibi arusi alingoja nje na wasimamizi wake mpaka muziki umwite. Vijana wa protokoli waliuliza orkestra iko wapi. Waliambiwa ni yule pale, mwenye skafu.

Manassé alisimama mbele, peke yake, akainua tarumbeta, akaanza mbuzi.

Agathe aliinamisha macho. Alijua kinachofuata, viti vitaanza kusogea, watu watatoka kuvuta hewa, mtu atauliza magitaa. Alimhesabia mbuzi wake moyoni, mvuto kwa mvuto, akingoja aibu. Mbuzi aliisha. Hakuna kiti kilichosogea. Kikohozi kikaanza, pumzi tupu na pistoni, na Agathe akainua macho, akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona Uvira. Ukumbi mzima ulikuwa umetulia. Watu wa Kiringye walikuwa wanamtazama mumewe kwa makini, wamekaza shingo, na mzee Niyonzima alikuwa anatikisa kichwa kidogo kila pistoni ilipogonga. Upande wa mjini nao, kwa kuona wageni wametulia, ukaona haya kupiga kelele. Nzi aliingia chupani mwake, akazunguka, akatoka, na hata watoto walikuwa kimya.

Halafu kikaja kile kimya kirefu. Manassé alikuwa amefumba macho, tarumbeta mdomoni bado, jasho likimshuka hadi kwenye skafu. Usoni mwake palikuwa na furaha ambayo Agathe hakuwa ameiona tangu ile Pasaka ya glavu nyeupe. Amesikilizwa. Bado sauti moja tu, ile ya mwisho, na Uvira itakuwa imemsikiliza mpaka mwisho. Agathe, ambaye hakuwa na haja na mlango ule, alijikuta ameshika kitambaa cha meza, anauvuta kwa moyo wake wote ufunguke.

Mzee Niyonzima akasimama. Aliweka kofia kifuani, akainama kidogo, kama inavyopasa mbele ya mukwe.

"Tunashukuru sana, mukwe," akasema. "Tumesikia muzuri. Chombo iko sawa. Sasa unaweza kuanza."

Na watu wa Kiringye wakapiga makofi, ya upole, ya kumtia moyo fundi aliyepima chombo chake kwa uangalifu bila haraka. Walikuwa wamengoja kwa adabu, kwa sababu mbele ya bakwe mtu haonyeshi kuchoka. Makofi yakaenea ukumbi mzima.

Manassé alifumbua macho. Alimtazama mzee, akatazama zile kofia, na furaha ikamtoka usoni huku wote wanaona na hakuna anayejua ni nini wanachokiona. Agathe alijua. Alitaka kusimama na kusema kwamba hajamaliza, mkae, bado kidogo. Alimchukia Niyonzima na adabu yake, alichukia kila kofia pale ndani. Lakini mama wa binti hamrudi mukwe mbele ya watu, na alibaki ameketi.

Mumewe alivua skafu, akaiweka kitini. Akafuta mdomo wa tarumbeta. Kisha akapiga ile machi ya Pasaka.

Aliipiga vizuri kuliko ujana wake. Mlango ulifunguliwa, Iribagiza akaingia, na akina mama wakainuka wote kwa pamoja, wa mjini na wa uwanda, vitenge vikipepea. Mzee Niyonzima alicheza na kofia yake. Walimrudisha Manassé mwanzo mara nyingi, na kila walipomrudisha alirudi, bila kinyongo, bila kitu chochote usoni. Huyu ndiye mume ambaye Agathe alikuwa amemdai Mungu miaka yote. Alimtazama akipiga, akalia, na jirani zake wakampapasa mgongo wakisema ni furaha ya mama. Haikuwa furaha. Hakujua kwamba mtu anaweza kupewa alichokitaka na kikamchukiza hivyo.

Asubuhi yake, masufuria ya kuazima yakiwa bado uani, Manassé aliketi mezani na kisanduku cha tarumbeta mbele yake, kimefungwa. Alisema atairudisha parokiani. Kule watapata mtoto wa kuipiga. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi. Agathe alikuwa anafunga beseni la ndagala aende sokoni. Hakuna aliyemwuliza, na mwenyewe hakupanga kusema.

"Mulango haukuufungua," akasema.

"Mulango gani?"

"Ule wa mwisho. Wa Mama Riziki. Jana uliishia ku-nzi."

Manassé alimtazama kana kwamba mkewe ana homa. Agathe akakasirika, na kwa hasira ile akamweleza yote, mbuzi, kikohozi, nzi ndani ya chupa, kimya, mlango. Akamwambia na mbuzi mwenyewe jana alimkata mapema, maana siku zote mbuzi akisha choka analia tena mara moja, kidogo, kwa chini, na jana hakulia. Au alifikiri hasikii? Ukuta wenyewe ni wa tofali moja.

Manassé aliweka viganja vyote viwili juu ya kisanduku.

"Weye unaijua yote," Manassé akasema. "Mpaka mwisho."

"Nitaacha kuijua namna gani? Kila siku iko mu masikio yangu." Agathe alitua beseni chini kwa kishindo, akavuta kigoda, akaketi mbele yake, mikono kifuani, midomo imebenuka. "Piga basi. Yote. Ndagala zangu zinangoja."

Manassé alifungua kisanduku. Alipiga vibaya, kwa sababu alikuwa analia. Mbuzi alivutwa, akachoka, akalia tena kidogo kwa chini. Kikohozi kikapita, nzi akapita. Kimya kilipofika, Manassé alisita, akamtazama mkewe kwa hofu, akingoja ainuke. Agathe hakuinuka. Alijua bado.

Mlango ukalia, ukapanda, ukapanda, ukaisha.

"Ni mubaya vilevile," Agathe akasema, akajitwika beseni lake, akaenda sokoni.